Kilichotua Juu ya Dhahabu

3 Machi, Karatu

Nimefika na sanduku ni zima. Toka Arusha nimelipakata kama mtoto mchanga, na kila tuta la barabarani nimelilaani kwa jina lake. Ndani mna visahani vyangu vya dhahabu, kila kimoja kidogo kuliko kifungo cha koti.

Nimepanga chumba kwa mama Stumai, Mnyaturu wa Singida aliyekuja kuchuma kahawa mashambani akiwa msichana, asirudi tena kwao. Alinitazama nikivipanga mezani, akauliza, "Hiyo dhahabu unaivaa wapi?" Nikamwambia haivaliwi, inakamata sumu iliyomo kwenye maji. "Basi umeiharibu dhahabu, Elizabeti," akasema, akarudi jikoni kwake.

Naandika shajara hii kwa sababu ripoti ya chuo haina mahali pa kuandikia hasira, na hasira ninayo. Meno yangu ni ya kahawia. Yaliharibiwa na kisima tulichokunywa nyumbani nikiwa mdogo. Kilikuwa na floraidi. Ikiwa kidogo inayasaidia meno, ikizidi inayaunguza hata kabla hayajaota, na ikizidi zaidi inapinda mifupa. Shuleni waliniita Chai ya Rangi. Nilijifunza kucheka na kiganja mdomoni.

Sasa vitongoji vitatu na shule moja, huku mpakani mwa Karatu na Ngorongoro, vinapata bomba lao la kwanza. Vyanzo ni viwili. Kuna kisima kirefu cha bondeni, ambacho tayari kina pampu, na kuna chemchemi ya Naibor, juu kabisa penye msitu. Kamati ya maji itachagua kimoja tarehe 12 Aprili, na watoto watakunywa hicho hadi wazeeke. Mimi ndiye nitakayewaambia kipi. Nikikosea, nitakuwa nimewapa meno yangu.

5 Machi

Vumbi tupu. Nimefunika mashine kwa kanga mbili na bado nalifuta.

9 Machi

Leo nimekutana na kamati. Mwenyekiti ni Olais, Mmasai mtulivu ambaye hasemi neno kabla hajalipima. Fundi wao ni Josephati, Mwiraki mwenzangu aliyehamia vitongoji hivi alipooa. Anaendesha pikipiki kana kwamba ana kinyongo nayo. Yeye anataka kisima cha bondeni na hafichi.

"Mimi napima maji kwa ulimi," alisema. "Mtaalamu unatuletea kifungo."

"Ulimi wako unaonja floraidi?"

"Unaonja chumvi, unaonja kutu, unaonja ng'ombe aliyefia juu ya mto. Yanatosha."

Wakacheka wote, nami nikacheka na kiganja changu. Nikawaeleza. Kila kisahani ni jiwe angavu jembamba, limepakwa dhahabu na linatetemeka kwa umeme. Juu ya dhahabu nimeotesha utando wa molekuli, unene wake ni molekuli moja tu. Kila molekuli ina mguu wa salfa, na huo unaipenda dhahabu. Ina shingo ndefu ya mafuta. Ina kichwa nilichokichagua mwenyewe, chenye boroni, na hicho kinaipenda floraidi. Maji yakipita juu yake, floraidi inatua kichwani. Kisahani kinakuwa kizito kidogo, kinatetemeka polepole, na mstari kwenye kompyuta unashuka.

"Inaingia ndani?" Olais aliuliza.

Hilo ndilo swali ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawaliulizi! Nikamwonyesha pindo la shuka lake, limejaa mbegu za nyasi. "Hizo zimeingia ndani ya kitambaa, baba?"

"Zimenasa juu."

"Na koti la mvua la Josephati lina ngapi?"

Akalitazama. "Hata moja."

"Basi mimi nimefuma kitambaa kinachonasa mbegu ya aina moja tu."

Olais akaitika kwa kichwa taratibu. Josephati akasema nyasi za huku ni nyingi kuliko ninavyodhani. Nilimwona mkorofi tu.

14 Machi

Kisima cha bondeni: mstari umeshuka vizuri, na nilipousuuza utando kwa maji safi umepanda tena mpaka ulipoanzia. Hivyo ndivyo floraidi ilivyo, inatua na ukiisuuza inaondoka. Kiasi chake kimepita kinachoruhusiwa, si kwa mbali, lakini kimepita. Josephati akasema, "Kidogo hicho, mtaalamu, hata soda ina madhara." Nikaendelea kuandika.

Kesho napanda Naibor.

15 Machi

Gari lilikwama mara mbili. Kwenye boma lililo jirani na chemchemi nilipokewa na Koko Seenoi, yaani Bibi Seenoi, mama yake Olais, mrefu aliyenyooka, hajui kusalimiwa juu juu. Nikamwambia "Takwenya," akanijibu "Iko," kisha akanishika kidevu akaninyanyua uso.

"Nani amekula meno yako?" akauliza.

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo waziwazi. Nikamwambia ni maji. Akafungua mdomo wake mwenyewe akanionyesha, meno yote yapo, meupe, na amekunywa Naibor tangu azaliwe. Nilijua jibu kabla ya kupima, na mtafiti hapaswi kulijua.

Mvua imekaribia na sitaweza kupanda kila mara. Nimemwachia Koko chupa zangu, ajaze moja kila baada ya siku chache, na vijana wanaoshuka mnadani waniletee. Nilimwambia, "Maji haya ni ya kazi yangu kubwa, Koko, uyatunze." Akaniambia nisiwe na wasiwasi, atayatunza kuliko maziwa.

20 Machi

Chupa ya kwanza ya Naibor imefika. Mstari umeporomoka.

Nimebadilisha kisahani, nikarudia. Umeporomoka tena, mara nyingi zaidi ya kisima cha bondeni. Kwa hesabu hii chemchemi ile ingekuwa imeshawapinda migongo wote, ng'ombe na watu.

Sielewi. Mama Stumai ameniletea ugali na mlenda, umepoa mezani.

22 Machi

Chupa ya pili, hali ni ileile.

23 Machi

Nimewaambia kamati. Niliyasema kwa sauti ya kitaalamu. Naibor ni mbaya kuliko bondeni, kwa mbali sana.

"Mama yangu amezaliwa pale," Olais akasema. "Meno yake umeyaona."

"Nimeyaona, baba. Ila mashine haiangalii meno."

Nilisema hivyo. Naliandika hapa ili siku moja nikijisikia mwerevu nilisome. Josephati hakusherehekea, jambo lililoniudhi zaidi. Aliuliza tu kama aanze kupanga mabomba ya bondeni, na Olais akamwambia asubiri mkutano.

25 Machi

Mvua.

26 Machi

Mvua. Barabara imekuwa sabuni. Shati halikauki.

29 Machi

Leo nimepata akili, au nusu yake.

Chupa zote za Naibor nilizipima nikiwa na haraka, kwa kuwa kila mara niliogopa umeme utakatika. Nilikuwa natazama mstari ukishuka, naandika, nafunga. Leo umeme ulikaa, nikasuuza utando baada ya kupima na kumimina maji safi taratibu, nikasubiri mstari upande.

Haukupanda. Nikasuuza tena. Umelala palepale chini.

Nilikaa naukodolea macho mpaka mama Stumai akauliza kama kuna msiba. Floraidi inatua na kuondoka. Hiki kilichotua kimeng'ang'ania. Nikachukua maji ambayo niliyatia floraidi mwenyewe, kiasi ninachokijua, nikayapitisha juu ya kisahani kilekile. Mstari haukusogea hata kidogo. Viti vyote vimekaliwa! Kuna kitu kingine kwenye maji ya Naibor, kikubwa na kizito kuliko floraidi, kimekaa juu ya vichwa vyangu vya boroni na hakitaki kunyanyuka. Mashine haikunidanganya iliponiambia kuna uzito. Mimi ndiye niliyeupa uzito ule jina bila kuuliza.

Kitu gani sasa? Chemchemi ya msituni haina kiwanda juu yake. Nimeandika orodha ya vitu ninavyovijua, nikaichana.

Sijui ni nini. Lakini kwa mara ya kwanza tangu tarehe ishirini nimekula nikashiba.

2 Aprili

Profesa anayenisimamia chuoni, kwa simu: huenda utando wako umezeeka, tumia matokeo uliyonayo. Nikamwambia utando wangu ni mzima kuliko mimi. Amekata, au mtandao umekata. Vyovyote vile.

6 Aprili

Magari hayapandi. Nimekwenda na Olais kwa miguu, yeye kwa kandambili za matairi bila kuteleza, mimi kwa mabuti ya bei mbaya nikaanguka kila mahali pa kuangukia. Alinisubiri kila mara bila kucheka, na hilo linauma kuliko kicheko.

Tulimkuta Koko Seenoi amekaa nje ya nyumba, anatayarisha chombo. Alikuwa na kibuyu kirefu, kile kizuri chenye shanga, na kijiti cha oloirien, ule mzeituni mwitu, ncha yake inawaka. Alikitia kijiti ndani, akakisugua pande zote mpaka moshi ukajaa, akatikisa, akamwaga majivu. Ndivyo kibuyu cha maziwa kinavyotengenezwa hapa, maziwa yasiharibike na yapate ladha yake. Nilidhani ni cha maziwa.

"Ni cha maji yako," alisema. "Kesho vijana wanashuka."

"Maji yangu yanaingia humo, Koko?"

"Yanalala humo. Asubuhi namimina kwenye chupa zako. Chupa zako zinanuka duka."

Nikakaa chini, kwenye matope. Kila kitu kule juu kinanuka moshi, hata sweta langu, hata mimi, ndiyo maana chupa zile hazikunishtua pua. Moshi wa kuni una molekuli zenye mikono miwili, na mikono yote miwili inaishika boroni. Ungeniambia nitafute duniani kitu cha kuharibu utando wangu, nisingepata kizuri zaidi ya ule moshi. Ukuta wa kibuyu kile umepakwa utando wake, mweusi, wa miaka na miaka, na maji yakilala humo usiku kucha yanaamka nao.

Nilimweleza Koko, Olais akatafsiri palipokuwa pagumu. Uso wa Koko ulikunjamana.

"Kwa hiyo moshi wangu ndio sumu?"

"Hapana, Koko, si sumu. Umekaa kwenye kiti nilichomwekea mtu mwingine."

"Wewe ni mgeni. Nikupe maji ya mgeni kwenye chombo kitupu? Watu watasema Seenoi amekuwaje?"

Olais aligeuka akatazama milima. Koko aliniachilia nihangaike vya kutosha. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na dumu la kawaida lililokatwa mdomo, akanisukumia mikononi.

"Mgeni anachotewa," akasema. "Mtoto wa hapa anachota mwenyewe. Nenda kachote, usinisumbue."

Nikaenda. Nililisuuza lile dumu kwenye chemchemi, kisha nikaliacha pembeni, maji yasipite chombo kingine, na kuizamisha chupa mpya moja kwa moja mdomoni mwa chemchemi, baridi ikanipanda mpaka kwenye mabega. Nilikuwa nalia na kucheka, na viganja vyote viwili vilikuwa na kazi.

8 Aprili

Naibor ni safi!

Mstari umeshuka unywele mmoja, nikasuuza, ukapanda wote. Nimerudia kwa kisahani kipya, kisha kwa kingine. Unywele. Floraidi imo kidogo, kiasi kile hasa ambacho jino linakitaka. Nimemkumbatia mama Stumai akiwa na mwiko mkononi, amenipaka uji mgongoni. Nimeimba. Sauti yangu ni mbaya na nimeimba hivyohivyo.

10 Aprili

Nimempigia Josephati. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila ukali, "Juzi sumu, leo asali. Mtaalamu, ungekuwa mimi ungechimba mtaro kwa maneno hayo?"

Usingekuwa ukweli ningemtukana. Nikamwambia basi aje na maji yake kwenye mkutano, ayafiche atakavyo, asiniambie yapi ni yapi. Kila kikombe nitakipa kisahani kipya. Nikikosea kimoja, achimbe bondeni nami nitamshikia sururu.

"Sawa," akasema.

Nimebakiwa na visahani vinne. Nimevilaza kwenye dawa ya kuotesha utando, huko ndani molekuli zinajipanga zenyewe, mguu chini kichwa juu, hazihitaji kusimamiwa. Mimi ndiye ninayehitaji.

12 Aprili

Niandike kabla sijasahau hata kikohozi.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri na ofisi ya kijiji ilijaa mpaka madirishani, Wamasai kwa Wairaki, kina mama na watoto migongoni, bati linapiga kelele. Sola haikuwa na nguvu, wingu lilikuwa zito. Mashine ikawaka, ikazima. Nilisikia mtu nyuma akisema kwa Kiiraki kwamba hata mashine yenyewe imeona aibu.

Josephati akatoka nje. Nilidhani ameondoka. Akarudi na betri ya pikipiki yake imeloa, akaiweka mezani, akaunga nyaya kwa meno na koleo. "Isije ikasemwa umeshindwa kwa sababu ya umeme," aliniambia.

Kisha akageuza mgongo, akamimina maji kwenye vikombe vya shule vya bati. Tulikubaliana vitatu: bondeni, Naibor, na Naibor iliyolala kwenye kibuyu cha Koko, ambacho mwenyewe alikileta kifuani kama zawadi. Josephati alipogeuka, vikombe vilikuwa vinne. Akanisogezea vyote.

Kikombe cha kwanza. Mstari ukashuka kiasi, nikasuuza, ukapanda. "Bondeni," nikasema. Josephati akaitika kwa kichwa.

Cha pili. Unywele, nao ukapanda. "Naibor." Akaitika. Nyuma kelele zikaanza.

Cha tatu. Mstari ukaporomoka, nikasuuza, nikasuuza, haukurudi. Sikuwahi hata kufungua mdomo, Koko Seenoi alisimama akanyoosha fimbo yake. "Huyo ni mimi!" alisema, na ofisi nzima ikaangua kicheko, naye akabaki amesimama akipokea kicheko kile kama anapongezwa.

Nikabaki na kikombe cha nne. Nikapitisha maji. Mstari ukashuka, ukapita pale uliposhukia kwa bondeni, ukaendelea, kama mara mbili yake. Nikaomba kimoyomoyo uwe moshi. Nikasuuza. Ukapanda wote, vizuri, bila kinyongo.

"Hii siijui," nikasema. "Lakini ni floraidi tupu, nyingi. Maji haya mtoto asiyanywe."

Josephati hakuitika. Alikiangalia kikombe, mkono wake umeshika ukingo wa meza.

"Ni kisima cha nyumbani kwangu," akasema. "Nilikichimba mwenyewe mwaka aliozaliwa Doreen."

Doreen ni bintiye, hajafikisha hata miaka miwili. Wengi mle ndani walimjua, amezoea kukaa kwenye tangi la pikipiki mbele ya baba yake. Nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya mbele ya watu wengi hivyo. Niliondoa kiganja mdomoni, nikamwonyesha meno yangu yote.

"Yangu yalianza hivyo," nikamwambia. "Yake ya ukubwani bado hayajaanza. Umewahi, kaka."

Olais akasimama kuuliza wanaotaka Naibor. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Josephati, na bado ulikuwa na grisi ya betri. Baada ya hapo sikuona uso wa mtu, niliona mikono tu.

13 Aprili

Nimelala mpaka saa nne asubuhi. Mama Stumai amewaambia majirani wasipige kelele, dokta amelala. Mimi si dokta bado. Nimemwacha aseme.

4 Mei

Mtaro umeanza kwa Josephati, na Josephati haruhusu mtu amsimamie. Wamasai wanachimba kutoka juu, Wairaki kutoka chini, na kila jioni wanabishana nani amezembea. Profesa ametuma visahani vipya na barua: anataka jaribio la moshi liwe sura nzima ya tasnifu yangu, na anauliza kama Koko Seenoi atakubali jina lake liandikwe. Nimemfikishia Koko. Amekubali, ila sharti liandikwe la kwanza.

16 Mei

Mvua zinaisha. Mahindi yamefika kiunoni. Bomba limevuka korongo.

28 Mei

Leo maji yamefika shuleni.

Bomba lilikohoa hewa, likatema tope, likakohoa tena, watoto wakapiga kelele kila lilipokohoa. Kisha yakatoka meupe, yakanyooka, yakatulia kuwa maji. Olais alinawa uso. Koko Seenoi alikunywa kwa kiganja, akasema yametembea mbali na hayajachoka. Walimu walishindwa kuwapanga watoto kwenye mstari, wakaacha, wakaenda kunywa nao.

Josephati alikuja mwisho, na dumu tupu. Hakujiunga na nderemo. Alichuchumaa karibu na meza yangu.

"Umepima?"

"Nimepima asubuhi, kule juu na hapa bombani. Ni yaleyale."

"Pima tena."

Aprili ningemjibu vibaya. Leo nilitandika kitambaa, nikachukua kisahani kipya, nikakinga maji mbele yake. Mstari ukashuka unywele mmoja. Nikasuuza. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo cha kompyuta, akaufuata kwa kidole ukipanda, taratibu, hadi ulipoanzia.

Alijaza dumu la Doreen mpaka juu, akalifunga kwenye pikipiki kwa mipira, akavuta kila fundo mara mbili, akaondoka polepole kuliko nilivyowahi kumwona akiendesha, asimwage hata tone.